Makhan Singh na Uhuru wa Afrika Mashariki

Mwambao, kuanzia Mlingotini karibu na Bagamoyo hadi Pangani, unamkumbuka Bushiri bin Salim kwa kuwapinga Wajerumani mwaka 1888 na 1889, lakini Makhan Singh, mzaliwa wa Punjab aliyehamia Nairobi mwaka 1927, hatajwi inavyostahili. Singh, aliyefanya kazi katika kiwanda cha uchapaji cha baba yake, alijenga chama cha wafanyakazi, yaani umoja wa kudai ujira na saa za kazi za haki, kilichowapokea Waasia na Waafrika bila ubaguzi, na mwaka 1937 kikachukua jina la Afrika Mashariki nzima, Tanganyika ikiwamo. Katika utawala wa kikoloni wa Waingereza uliopanga hata mishahara kwa rangi ya ngozi, hilo lilikuwa jambo zito kuliko mgomo wowote. Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, alidai hadharani uhuru kamili wa nchi hizi; mwezi uliofuata alikamatwa, akawekwa kizuizini, yaani kufungiwa mahali kwa amri ya gavana bila hukumu ya kifungo, kwa zaidi ya miaka 11. Alipoachiwa mwaka 1961 alijiunga na chama cha siasa cha KANU, ila serikali ya Kenya huru haikumpa wadhifa wowote.