Ziwa Likishajulikana



Mimi ni mtoto wa Mazingara, Handeni. Anayeijua nchi ya Wazigua atashangaa mtu wa huko kusimama mbele yenu kuzungumzia samaki. Kwetu maji yenyewe ni habari, sembuse kilichomo ndani yake. Maji ya bomba ya Handeni huvutwa kutoka Mto Pangani, upande wa Korogwe, kwa mradi ambao kila mtu huuita HTM, na mitambo ikikohoa kule, ndoo hupanga foleni huku. Hata hivyo somo langu la kwanza la uvuvi nililipata katika nchi hiyo kavu, kwa siku moja, kabla sijajua kusoma vizuri.

Tulikuwa na lambo la kunyweshea mifugo. Ndani yake walikuwamo kambare, na perege wachache ambao hakuna aliyekumbuka wameletwa na nani. Mwaka mzima hawakusumbuliwa na mtu, isipokuwa sisi watoto na ndoano zetu za pini. Kiangazi kikikaza na maji yakishuka hadi magotini, mjomba wangu alikuwa na mamlaka ya kusema, "Haya, ingieni." Watu waliingia na vikapu, wakavua, lakini dimbwi la katikati, lenye kina, mjomba alilizungushia miiba. Humo hakuna kuingia. Samaki wa humo ndio waliolijaza lambo tena mvua ziliporudi.

Mwaka ninaousimulia, mtu alikuwa ameipeleka habari barabarani. Asubuhi tulikuwa watu thelathini, wote wa kwetu. Kabla ya adhuhuri zilikuja baiskeli kutoka vijiji nisivyovijua, na baada ya adhuhuri likaja gari. Mjomba alisimama kwenye miiba yake akapaza sauti. Wapwa zake tulimsikia. Wale wengine hawakuwa na ubaya, waliamkia vizuri kabisa, kisha wakaiondoa miiba. Jioni lambo lilibaki tope lenye nyayo. Mvua zilirudi, maji yakarudi, samaki hawakurudi.

Mamlaka ya mjomba yaliishia kwa wale wanaomwita mjomba. Karibu yote nitakayosema leo yamo katika sentensi hiyo.

Miaka mingi baadaye nilionyeshwa picha za uvuvi wa nchi za baridi, Kanada na Finland. Huko ziwa huganda likawa uwanja. Mtu hutembea juu yake, hutoboa tundu kwenye barafu, huketi juu ya kigoda na kushusha ndoano. Nilicheka: kumbe sisi twaingia ziwani likikauka, wao likiganda! Kisha nikaona kwamba jambo ni lile lile. Ukame na barafu, vyote viwili, humfikisha mtu kwa miguu mahali ambapo jana alihitaji chombo. Maziwa yaliyokuwa yamejificha misituni sasa hufikiwa kwa pikipiki za thelujini, na mtu hupata njia kwa kuangalia kioo cha simu. Mwaka 2002 mtaalamu John Post na wenzake waliandika kuhusu uvuvi wa burudani nchini Kanada, wakauliza kama unaporomoka bila mtu kuona. Sababu ya kutoonekana ni nyepesi kuielewa. Mvuvi akilikuta ziwa limepungua, hakai kulililia, anakwenda la mbele yake. Kwa anayejumlisha hesabu za nchi nzima, uvuvi bado upo. Maziwa yanakwisha moja moja, kimya kimya, kama korosho mfukoni.

Sasa turudi nyumbani. Mto Pangani, ambao wenyewe wa bondeni wameuita Ruvu tangu zamani, haukuwa na haja ya afisa uvuvi. Karibu na Korogwe waliishi Waruvu, waliojenga vijiji vyao katika visiwa vya mto. Waliulinda mto kwa kuwa walikaa ndani yake. Na wachuuzi? Samaki hakuweza kusafiri mbali bila kuoza au kukaushwa. Umbali, jua na ukosefu wa barabara vilifanya kazi ambayo leo tunaitungia kanuni. Reli ya Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, na tangu hapo kilichokuwa mbali kikaanza kuwa karibu.

Tazameni jinsi miaka inavyofuatana. Upande wa Kenya, reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Nyavu za makila za kizungu ziliingizwa katika ghuba ya Ziwa Victoria ilipo Kisumu mwaka 1905. Kwanza soko lilifikika, ndipo chombo cha kulilisha kikaletwa. Kufikia mwaka 1927 mambo yalikuwa yameharibika kiasi cha serikali kumwita Michael Graham kutoka Uingereza aje kupima. Alifanya kazi yake mwaka 1927 na 1928, akapendekeza nyavu zisiwe na macho chini ya inchi 5. Ngege, yule samaki mtamu wa Nyanza, alikuwa akipungua katika kila wavu, na wavuvi wakawa wakiongeza nyavu kufidia. Kanuni ya inchi 5 iliwekwa, ikapuuzwa, na hatimaye ikafutwa. Yaliyofuata mnayajua: sangara, viwanda, ndege za mizigo. Sitakaa huko, sangara amekwisha kuhutubiwa vya kutosha.

Mfano ninaotaka kukaa nao uko juu ya mto wetu wenyewe. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilikamilika mwaka 1965, pale mito ya Kikuletwa na Ruvu, ule wa juu, inapokutana kusini mwa Kilimanjaro. Lilijengwa kwa ajili ya umeme na kutunza maji ya mto yanayoshuka hadi Korogwe na Pangani. Kituo chake cha umeme ni cha megawati 8 tu. Kile cha Hale, kwetu Korogwe, ni cha megawati 21, lakini Hale hungoja maji yanayoachiwa kutoka juu. Samaki hawakuwa shabaha kuu ya wahandisi.

Maji yalifunika mbuga za malisho: nyasi, vichaka, samadi ya miaka na miaka. Yote hayo yalioza yakawa chakula, na perege wakazaana kama waliokuwa wakingoja ruhusa. Chema chajiuza. Wavuvi wakaja kutoka maziwa mengine na kutoka pwani, na kambi zikaota ufukweni mahali ambapo miaka michache kabla palipita ng'ombe wa Wamaasai. Mwaka 1970 bwawa hilo lilitoa takriban tani 28,000 za samaki. Ukitumia lori la tani saba, hayo ni malori 4,000, zaidi ya kumi kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo, kutoka katika maji ambayo miaka sita nyuma hayakuwapo. Muda mfupi baada ya hapo mavuno yakaanguka vibaya. Wanabaiolojia kutoka Uingereza walipokuja kulichunguza mwaka 1974, sherehe ilikuwa imekwisha.

Hapa naomba tusimsingizie mvuvi kila kosa. Bwawa lolote jipya huwa na fungate yake: rutuba ya ardhi iliyofunikwa hulisha samaki kwa miaka michache, kisha huisha hata kama hakuna aliyetia wavu. Kina nacho hupanda na kushuka kwa mvua na kwa mahitaji ya mitambo, na perege hutaga kwenye maji ya kina kifupi ukingoni, kwa hiyo maji yakishuka ghafla viota hubaki nchi kavu. Bwawa lingepungua tu. Ila wavuvi waliitwa na wingi wa mwaka 1970, wakabaki na umaskini wa miaka iliyofuata. Idadi yao ilipimwa kwa fungate. Na mtu aliyekwisha kununua mtumbwi kwa mkopo, mwenye watoto shuleni, ukimwambia samaki wamepungua hatauza mtumbwi. Atanunua wavu wenye macho madogo zaidi. Kisha kokoro, ambalo hukusanya hadi vifaranga. Kisha katuli: kuyapiga maji kwa mti ili samaki akimbilie wavuni. Kila hatua inaeleweka ukiwa ndani ya mtumbwi wake.

Wengine walihama, kama wale wa Kanada. Bwawa la Mtera lilipojaa miaka ya 1980, nalo likapata kambi zake na fungate yake.

Katika msongamano huo yuko mmoja asiyeweza kuhama. Perege wa asili wa bonde la Pangani hana kwao pengine duniani. Jamaa yake anayeitwa kwa jina la Ziwa Jipe amewekwa na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, katika daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini. Amebanwa na nyavu, na amebanwa pia na perege wageni tuliowapandikiza sisi wenyewe, wanaogombea naye viota na kuzaana naye. Ukila perege wa kukaanga pale stendi ya Korogwe huwezi kujua umekula yupi.

Tumefanya nini? Tuna Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake za mwaka 2009. Kokoro limepigwa marufuku, nyavu zimechomwa mbele ya kamera. Tuna vikundi vya ulinzi wa rasilimali, BMU, ambavyo ni wazo jema: ni mjomba yule yule, safari hii amepewa mhuri. Lakini mwenyekiti wa BMU hukutana na tatizo la mjomba. Mvuvi aliyekuja juzi kutoka mkoa mwingine, mwenye leseni halali ya halmashauri, haoni kwamba anawajibika kumtii. Tena siku hizi habari haihitaji gari. Perege wakipanda leo alfajiri, simu inalia Moshi, Same na Tanga kabla ya saa tatu, na bodaboda zenye matenga zinashuka mchana.

Dawa tunayoipenda sasa ni kufunga. Nyumba ya Mungu limefungwa kwa vipindi zaidi ya mara moja. Ziwa Tanganyika lilifungwa upande wetu kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, katika makubaliano na majirani zetu, na serikali ikaiita hatua hiyo kupumzisha ziwa. Napenda neno hilo, na sipingi mapumziko. Samaki wanazaa kweli wakiachwa. Ninachouliza ni nani anayewangoja mlangoni. Ukimpumzisha mgonjwa miezi mitatu, kisha siku ya kufungua ukaruhusu watu wote waliokuwa wakimchosha waingie kwa pamoja, na wengine wapya waliosikia kwamba sasa amenona, umempumzishia nani? Kufunga bila kuhesabu mitumbwi ni kutangaza sherehe na kuipangia tarehe.

Kenya walijaribu njia nyingine Naivasha. Mwaka 2001 ziwa lile lilifungwa kwa mwaka mzima, na lilipofunguliwa idadi ya mitumbwi yenye leseni ilipunguzwa. Haikumaliza wizi, wala sitawadanganya kwamba Naivasha ni pepo. Lakini walikuwa wamelijibu swali ambalo sisi hatujaliuliza: wangapi?

Sisi husema macho ya wavu yawe inchi ngapi, mwezi gani ufungwe, chombo gani ni haramu. Hatusemi wangapi, kwa sababu kusema wangapi ni kusema nani abaki nje, na hiyo ni siasa. Pia ni fedha. Leseni ya mvuvi mdogo hutolewa na halmashauri, na kila leseni ni mapato. Halmashauri inayouza leseni nyingi huonekana imekusanya vizuri, hata kama bwawa ni lile lile na samaki ni wachache kuliko jana. Tumemweka muuza tiketi awe ndiye mlinzi wa basi lisizidishe abiria.

Najua jibu nitakalopewa: bwawa ni la Watanzania wote, huwezi kumwambia mtu wa Ukerewe kwamba hana haki Mwanga. Ni kweli, na sitaki visiwa vya Waruvu virudi. Mgeni si adui. Baadhi ya wavuvi hodari na waangalifu niliowahi kuketi nao ni wageni, na waharibifu wengine ni wapwa wa mwenyekiti. Lakini daladala pia ni ya Watanzania wote, na ina idadi ya viti. Wa kwanza kupata kiti awe nani, mkazi wa kando ya maji, mwenye miaka mingi kwenye kazi, au anayeshinda kura ya bahati, hilo tubishane hadharani. Mimi ningeanza na mkazi na mwenye miaka mingi, bila kujali kabila wala mkoa aliozaliwa. Anayeondoka apewe njia: mtaji, bwawa la kufugia, muda. Halmashauri nayo ifidiwe mapato ya leseni itakazoacha kuuza, la sivyo azimio zuri litafia kwenye meza ya mweka hazina.

Waheshimiwa madiwani, nimewaona mmekaa safu ya mbele, nanyi ndio niliowakusudia. Malambo na mabwawa madogo ya Handeni na Korogwe yako mikononi mwenu, na barabara zinazoyafikia mnazichonga ninyi. Sisemi msichonge. Naomba kabla ya kikao kijacho cha bajeti kila mmoja amuulize afisa uvuvi wake maswali mawili, na ajibiwe kwa maandishi: maji yetu yanabeba mitumbwi mingapi, na tumeuza leseni ngapi?