Kucha Hazina Kosa: Mhadhara wa Umma kuhusu Michirizi ya Ngozi



Kuanzia Mocímboa da Praia hadi Palma, kaskazini mwa Msumbiji, na ng'ambo ya mto Ruvuma kule Mtwara, mama mjamzito huonywa mara tumbo linapoanza kuchomoza: usijikune. Akijikuna, eti ngozi itachanika na michirizi itakayobaki itakuwa ushahidi wa uzembe wake. Nimelisikia onyo hilo kwa mabibi na kwa makungwi. Nimelisikia pia kwa wauguzi waliosoma, na hapo ndipo linaponiuma. Leo nataka tulimalize.

Michirizi yenyewe mnaijua, sitaieleza kirefu. Ni kovu la ndani: nyuzi za kolajeni na elastini zilizomo katika tabaka la kati la ngozi hukatika, na ngozi ya juu hubaki nzima ila imekuwa nyembamba. Kwenye ngozi nyeusi huanza na rangi ya zambarau au kahawia iliyokoza, kisha hupauka. Zaidi ya nusu ya wajawazito huipata.

Sasa tuipime hoja ya kucha. Ukucha hukwaruza juu. Mchirizi hutokea chini. Kama ukucha ungekuwa ndio mkosaji, tungeona kwanza damu na gaga la kidonda. Hatuoni. Mvulana anayerefuka ghafla hupata mistari iliyokingama mgongoni, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba amejikuna. Mgonjwa ambaye mwili wake unatoa homoni ya kotisoli kupita kiasi hupata michirizi mipana tumboni bila mimba yoyote. Anayejipaka kwa miezi krimu yenye steroidi kali, kama vile clobetasol, mapajani au kwapani, huipata palepale alipopaka. Je, hawa wote walijikuna? Kinachowaunganisha ni mvutano wa ngozi na homoni. Kwa wajawazito ongezeni urithi wa ukoo, umri mdogo wa mama na ukubwa wa mtoto.

Watetezi wa kucha wana hoja moja ya maana, nami sitaipita: mwasho hutangulia michirizi. Ni kweli. Ngozi inayovutika huwasha, na huwasha katika wiki zilezile ambazo nyuzi zake zinakatika. Mwasho na mchirizi ni ndugu wa tumbo moja. Hoja hii imemfanya kaka kuwa baba wa mdogo wake.

Tena ni hoja yenye madhara. Shangazi yangu wa Palma, katika mimba yake ya mwisho, aliwashwa viganja na nyayo usiku kucha, akanyamaza. Alikuwa ameshagombezwa kliniki kwa kujikuna tumbo, hakutaka kugombezwa tena. Mwasho wa viganja na nyayo katika miezi ya mwisho, bila vipele, waweza kuwa dalili kwamba nyongo haipiti vizuri katika ini, na hali hiyo humhatarisha mtoto aliye tumboni. Shangazi alijifungua salama, alhamdulillahi, lakini hakupimwa damu, kwa sababu hakusema.

Kuhusu namna wazee wetu walivyolitazama tumbo la mimba, mniruhusu nikae kidogo na chanzo ninachokipenda kuliko vitabu vyote: kinyago cha tumbo cha Wamakonde. Ni ubao mwepesi uliokombwa ukawa mwembamba, wenye matiti, tumbo la mimba lililojaa na kitovu kilichotokeza. Mwanamume hukifunga kifuani akacheza nacho katika sherehe za jando na unyago. Kuzunguka kitovu kumepangwa chale, mara nyingi kwa nta ya nyuki, na ukipitisha kidole unazihesabu moja moja. Wanaanthropolojia Jorge Dias na Margot Dias, waliofanya utafiti katika nyanda za juu za Mueda kuanzia 1957 na kuanza kuchapisha majuzuu yao mwaka 1964, walizipa chale za Wamakonde uzito unaostahili. Katika vinyago nilivyovishika mimi, mchongaji hakuchonga mchirizi hata mmoja. Je, hiyo ni hoja kwamba bibi zetu hawakuwa na michirizi, kama wengine wanavyodai? Hapana. Mchongaji huchonga kinachochaguliwa, na michirizi haichaguliwi. Ninachokiona mimi ni tumbo la mimba lililoletwa uwanjani litazamwe na watu wote bila aibu.

Kuhusu tiba nitasema kwa ufupi. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2012, yaliyokusanya majaribio 6 na wanawake 800, hayakupata ushahidi kwamba kupaka mafuta au krimu huzuia michirizi. Siagi ya kakao ilijaribiwa Lebanoni, matokeo yakatoka 2008: haikuzuia. Tretinoini hupunguza kiasi michirizi ambayo bado mibichi, lakini ni marufuku kwa mjamzito. Leza na sindano ndogondogo huififisha, haziifuti, na leza isiyopimwa vizuri huacha madoa meusi kwenye ngozi kama zetu. Kwa mama aliyekimbia mashambulizi ya Palma mwezi Machi 2021 akaanza upya katika mji wa Pemba, hukohuko Msumbiji, hayo ni mambo ya mbali. Michirizi mingi hufifia yenyewe kwa miezi. Krimu za kujichubua asiziguse, maana zenye steroidi huleta michirizi mipya.

Hata hivyo sitamwambia bibi yeyote aweke chini chupa yake ya mafuta ya nazi. Hayazuii michirizi, nimeshakubali. Lakini mkono unaolisugua tumbo kila jioni hulitazama, na mwenye tumbo huuambia mkono huo asiyoyasema kliniki. Hapo sirudi nyuma.

Wauguzi, ombi langu ni kwenu. Mama akisema anawashwa, msimkaripie. Muulizeni: wapi, tangu lini, usiku unalala? Akitaja viganja na nyayo, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.