Siku Kumi za Kwanza: Namna ya Kuokoa Watoto wa Sungura

Mazungumzo kwa wafugaji wa Kinangop, Kaunti ya Nyandarua, katika siku ya wakulima. Yamechapishwa hapa kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kufika.



Mfikirieni mfugaji wa Kinangop mwezi wa Julai. Anaamka saa kumi na mbili asubuhi, nyasi zimeshika sakitu, anaenda kumwangalia jike ambaye siku zake zimetimia. Anakuta watoto 7 wametapakaa juu ya waya wa kizimba, wamekufa kwa baridi. Kisanduku cha kuzalia kiko nje ya banda, hakijatiwa hata nyasi. Anawaambia majirani kwamba jike wake ni mama mbaya. Jambo hilo likitokea mara ya pili, anamuuza jike na kubomoa vizimba.

Jike huyo hakuwa mama mbaya. Alikosa mahali pa kuzalia.

Hasara yenyewe ni rahisi kuihesabu. Jike akizaa watoto 7, mara 5 kwa mwaka, mfugaji anapata watoto 35. Akipoteza 3 katika kila uzao, wanabaki 20. Jike bado anakula kama kawaida, banda ni lile lile na kazi ni ile ile. Watoto 15 waliokufa ndio waliokuwa faida, na pengine ndio waliokuwa karo ya shule.

Kazi ya kuwaokoa huanza kabla hawajazaliwa. Wakati wa kupandisha, jike hupelekwa kwenye kizimba cha dume. Dume akipelekwa kwa jike, jike hulinda makao yake na anaweza kumjeruhi. Tofauti na ng'ombe, jike wa sungura hangojewi hadi siku maalumu za joto, kwa kuwa mayai yake hushuka baada ya kupandwa, saa 10 hivi baadaye. Akikataa asilazimishwe, ajaribiwe tena baada ya siku moja au mbili. Jike wa New Zealand White au California White huwa tayari akiwa na miezi 5 hadi 6. Wale wakubwa kama Flemish Giant hungojewa zaidi. Dume na jike wasiwe wa tumbo moja, kwani uzao wa ndugu kwa ndugu huwa dhaifu. Wafugaji wanaweza kubadilishana madume na wenzao wa mbali, au kutafuta mbegu mpya katika kituo cha serikali cha sungura kilichoko Ngong.

Tarehe ya kupandwa iandikwe siku hiyo hiyo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mimba ya sungura huchukua siku 30 hadi 32, na asiyeandika tarehe atashtukia watoto wako juu ya waya.

Siku ya 28, kisanduku kiingizwe kizimbani. Kikiingizwa mapema mno, jike hukigeuza choo. Kwa sungura wa kadiri, sentimita 45 kwa urefu, 30 kwa upana na 30 kwa kimo zinatosha. Sakafu iwe na matundu madogo ya kupitisha mkojo, na ndani kijazwe nyasi kavu zisizo na vumbi. Jike atazipanga mwenyewe, kisha atanyonyoa manyoya ya kifuani na kuwafunika watoto. Jike wa uzao wa kwanza pengine hanyonyoi ya kutosha. Mfugaji mwenye busara huweka akiba ya manyoya safi kutoka visanduku vya awali.

Kizingiti cha mlango wa kisanduku kiwe na kimo cha sentimita 15 hivi. Mama anapomaliza kunyonyesha huruka na kutoka mara moja, na mtoto aliyeng'ang'ania chuchu huburutwa hadi nje. Kizingiti humwangusha ndani. Sungura hambebi mtoto wake kwa mdomo kama paka. Mtoto aliyeanguka kwenye waya atabaki hapo hapo mpaka mtu amrudishe.

Mtoto wa sungura huzaliwa akiwa na uzito wa gramu 50 hivi, uchi, haoni wala hasikii. Hawezi kujipasha joto peke yake. Wenzake na manyoya ya mama ndiyo blanketi lake, katika eneo ambako usiku wa Julai baridi hushuka chini ya nyuzi 10. Manyoya yake huanza kufunika mwili baada ya wiki moja, na macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 12. Siku hizo kumi ndizo za hatari kubwa.

Hapa ndipo wafugaji wengi humwonea mama. Wanamwona amekaa mbali na kisanduku mchana kutwa, wanadhani amewatupa watoto. Sungura hunyonyesha mara moja tu kwa siku, kwa kawaida usiku au alfajiri, na hutumia dakika 3 hadi 5. Maziwa yake ni mazito na yanatosha. Ndivyo alivyoumbwa: mama anayekaa mbali na kiota hawavutii maadui kwa watoto wake.

Basi mfugaji asiulize mama yuko wapi, aangalie matumbo ya watoto. Kila asubuhi anawe mikono, ampe mama majani kidogo ya kumshughulisha, kisha afunue manyoya. Mtoto aliyeshiba ana tumbo la mviringo na ametulia. Mwenye njaa ngozi imekunjamana, na akiguswa huruka-ruka akitafuta chuchu. Waliokufa waondolewe mara moja. Si kweli kwamba mama huwakataa watoto walioguswa na mkono wa mtu. Mkono safi uliopanguswa kwa nyasi za kisanduku hicho haumsumbui. Kinachomsumbua ni kelele, mbwa, na msururu wa wageni wanaoletwa kutazama.

Mtoto aliyepoa asitupwe haraka. Apashwe joto kwanza viganjani au kando ya chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, kisha arudishwe katikati ya wenzake. Wengine waliodhaniwa wamekufa wameamka.

Jike huwa na chuchu 8 hadi 10. Akizaa watoto 12, wadogo watasukumwa nje ya zamu. Dawa yake ni kuwapandisha majike wawili siku moja, ili watakapozaa, watoto wa ziada wahamishiwe kwa mwenye wachache. Umri wao usipishane kwa zaidi ya siku 2 au 3, na wafunikwe manyoya ya mama mlezi wapate harufu yake.

Jike anayekula watoto huwa anatafutiwa adhabu kabla ya kutafutiwa sababu. Mara nyingi amekosa maji, ametishwa, au ni uzao wake wa kwanza. Mama anayenyonyesha awe na maji safi usiku na mchana. Akirudia katika uzao wa pili na wa tatu ilhali mahitaji yote yapo, hapo aondolewe kwenye uzazi.

Kuna pia panya na siafu. Miguu ya banda isimamishwe ndani ya mikebe yenye oili chafu, na matundu ya kupitisha panya yazibwe kwa waya wenye macho madogo.

Watoto huanza kutoka kisandukuni wakiwa na wiki 3 hivi, na huweza kuachishwa kunyonya katika wiki ya 5. Chakula kibadilishwe polepole, na majani mabichi yanyaushwe kwanza, kwa maana kuhara huua watoto wa umri huo upesi. Kizimba kikae kikavu. Kuhara kukizidi, afisa wa mifugo wa wadi aitwe kabla dawa haijanunuliwa kwa kubahatisha.

Yule mfugaji wa Julai hakuhitaji jike mwingine. Alihitaji daftari, kisanduku chenye nyasi kavu siku ya 28, na dakika chache za kutazama kila asubuhi. Mbao za kisanduku ni mabaki ya fundi yeyote wa hapa, na nyasi zipo shambani. Aliye na jike mwenye mimba leo, akifika nyumbani ahesabu siku zilizobaki.