Mkimbizi Akizuiwa Kufanya Kazi, Meru Nayo Huumia

Wakitajwa wakimbizi, fikira zetu hukimbilia kambi za Dadaab na Kakuma. Leo tuzipeleke Maua, kaunti ya Meru. Pale vijana hufunga vibunda vya miraa kwa majani ya mgomba isinyauke, huku pikapu zikingoja kuikimbiza Eastleigh, Nairobi.

Eastleigh ya leo imejengwa kwa jasho la familia nyingi zilizokimbia vita Somalia, baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka mwaka 1991. Katika nyumba ya wageni ya Garissa Lodge mtaani humo, vyumba vya kulala viligeuzwa maduka. Wateja wa miraa wakaongezeka, na wakulima wa Igembe, huko Meru, wakapata soko la karibu. Somalia ilipofungia miraa yetu kutoka Machi 2020 hadi Julai 2022, Meru ilionja uchungu wa kupoteza mteja.

Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inampa mkimbizi nafasi ya kufanya kazi, na Mpango wa Shirika wa serikali, uliozinduliwa Machi 2025, unakusudia kuzigeuza kambi kuwa miji. Ni hatua njema. Lakini haki ya kwenye karatasi haijazi sufuria. Mama mkimbizi asiye na kitambulisho wala kibali hubaki kuuza kwa kujificha, akihofia msako.

Viongozi wa Meru, na wa Embu inakolimwa muguka, aina ya miraa, wasiwaachie Garissa na Turkana zenye kambi suala hili. Wadai vibali vitolewe bila kuzungushana. Kumfungia mkimbizi riziki ni kumfungia mkulima wetu soko.