Uchaguzi wa Taa Nafuu za LED kwa Mimea ya Ndani



Nitaijadili mada hii nikimfikiria mpangaji wa ghorofani ambaye dirisha lake linatazamana na ukuta wa jirani, na ambaye kila shilingi ina kazi yake. Msimamo wangu nautanguliza: kwa miche, maua ya ndani na mboga laini za majani, taa nyeupe za kawaida za LED zinatosha, ilimradi ziwe karibu na mmea na ziwake saa za kutosha. Taa zinazouzwa kwa jina la mimea ni za kuchunguza kabla ya kutoa pesa.

Usanisinuru hutumia nuru yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 400 hadi 700. Kinachohesabiwa ni fotoni zinazolifikia jani, kwa mikromoli kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Lumeni inayoandikwa kwenye boksi hupima mwangaza kadiri jicho la binadamu linavyouona, na jicho letu huipendelea rangi ya kijani-njano. Hata hivyo, kwa taa nyeupe za LED ipo njia ya mkato: pima laksi, gawanya kwa 70, nawe utapata makadirio ya mikromoli. Simu nyingi za Android zina kihisi cha mwanga, na programu za kupimia laksi zinapatikana bure. Ilaze simu pale majani yatakapokuwa, kioo kikielekea kwenye taa, kisha usome. Kipimo hicho si cha maabara, lakini kitakuonyesha mara moja kama taa inaulisha mmea au inaumulika tu.

Mahitaji yanatofautiana sana. Saintpaulia, ua dogo la zambarau linalopatikana kwenye misitu ya Usambara, lilipewa jina la kisayansi mwaka 1893, baada ya ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, kulipeleka kwao. Leo linalelewa madirishani na chini ya taa huko Ulaya na Marekani, ambako mchana wa majira ya baridi ni mfupi. Asili yake ni kivuli cha miti mikubwa, ndiyo maana mikromoli 100 hivi kwa saa 12 zinalitosha. Saladi na giligilani zinataka kama 200 kwa saa 14 hadi 16. Nyanya na pilipili zinahitaji mara mbili ya hapo au zaidi ili zizae vizuri. Mchicha nao ni mpenda jua kali. Mimea hiyo mitatu ipelekeni uani, kibarazani au juu ya paa. Jua la kwetu halina bili.

Sasa tuje kwenye wati, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Taa inaandikwa "1000W" ilhali inavuta wati mia moja hivi. Ile namba kubwa ni ya kulinganisha na taa za zamani, au ni jumla ya uwezo wa juu wa vijitaa vyake, ambavyo haviwashwi kwa nguvu hiyo. Zile ndogo za kubana kwenye ukingo wa meza zinajieleza zenyewe: chaja ya USB ya volti 5 na ampea 2 hutoa wati 10, basi taa inayotegemea chaja hiyo haiwezi kuvuta 80 hata boksi liseme nini. Kwa taa ya kuchomeka ukutani, zima kila kitu nyumbani, iache ikiwaka peke yake kwa saa kumi, kisha usome mita. Ikila uniti moja, ni taa ya wati 100.

Rangi isitupotoshe pia. Taa za zambarau, zenye mchanganyiko wa nyekundu na bluu, hukuza mimea kweli. Shida yake ni kwamba chini yake huwezi kuona jani linaloanza kuwa njano, wala wadudu waliojificha. Nyeupe ina bluu ya kutosha kuzuia miche isirefuke ovyo, na kijani chake hupenya ndani zaidi ya jani. Kwa miche chagueni ile nyeupe inayoelekea bluu, inayoandikwa 6500K kwenye boksi.

Kwa rafu ya sentimita 120 kwa 30, tyubu mbili za LED za wati 18, zikining'inia sentimita 15 hivi juu ya majani, zitatoa takriban mikromoli 100. Tyubu nne zitakaribia 200. Pande za rafu zipakwe rangi nyeupe isiyong'aa, kwa sababu nuru inayotoka pembeni ni nuru mliyoilipia. Maji na umeme vikae mbali: viungio vya nyaya viwe juu ya usawa wa vyungu, na swichi ya saa izime taa usiku, kwani mimea nayo huhitaji giza.

Tyubu mbili kwa saa 12 hula uniti 13 kwa mwezi. Nne kwa saa 15 hula zaidi ya 32. Kwa Tanzania, kaya iliyo kwenye kundi la D1, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, inaweza kusukumwa nje ya bei nafuu kwa sababu ya rafu moja ya saladi. Kwa hesabu hiyo simshauri mtu kulima saladi ya kula chini ya taa akiwa na kibaraza chenye jua. Miche ni jambo jingine: inakaa wiki chache tu, kisha inatoka nje.

Wafanyabiashara wa taa wa Kariakoo jijini Dar es Salaam, wa Luthuli Avenue jijini Nairobi na kwingineko, nawaomba jambo moja: andikeni wati halisi zinazovutwa, na mruhusuni mteja aiwashe taa dukani na kuipima kwa simu yake kabla hajalipa.