Mzigo na Furushi

Somo: Wagalatia 6:1-5

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za kiharusi, ugonjwa unaompooza mtu upande mmoja, na hasa habari za nyumba ambamo umeingia.

Kiharusi huja ghafula. Mshipa wa damu ubongoni huziba au hupasuka. Mdomo hupinda, mkono hulegea, ulimi huwa mzito. Si kurogwa, wala si upepo mbaya. Mara nyingi chanzo chake ni presha ya damu isiyotibiwa. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali saa ile ile, asingojeshwe mpaka kesho.

Lakini baada ya hospitali mgonjwa hurudi nyumbani, na hapo ndipo safari huanza. Juma la kwanza majirani huja na sukari na maziwa. Baada ya miezi mitatu hakuna abishaye hodi. Mke amwinua mumewe, amwogesha, amlisha, na usiku hapati usingizi. Mume naye ajiona si mtu tena. Wawili hawa, waliofunga ndoa mbele ya madhabahu, wakaa nyumba moja na kila mmoja alia peke yake.

Mtume Paulo asema mambo mawili ambayo kwanza yaonekana kupingana. Katika mstari wa 2 atuagiza tusaidiane mizigo. Katika mstari wa 5 asema kila mtu ana furushi lake. Katika Kiyunani, lugha aliyoiandikia, hayo ni maneno mawili mbalimbali. Mzigo ni ule umlemeao mtu akiwa peke yake. Furushi ni lile awezalo msafiri kujitwika mwenyewe.

Hapa ndipo jamaa wengi hukosea. Wengine humwachia mke mzigo wote. Wengine, kwa upendo, humfanyia mgonjwa kila kitu, hata furushi lake wakamnyang'anya.

Ndiyo maana twavisifu vikundi vya waliopatwa na kiharusi pamoja na wenzi wao. Hukutana kila juma au kila baada ya majuma mawili, pamoja na muuguzi au mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kila mtu huchagua jambo moja dogo la kujaribu: kufunga vifungo vya shati, au kutembea mpaka langoni. Mkutano ufuatao hueleza lilivyokwenda. Likiwa limemshinda, wenzake humwonyesha njia waliyoiona wao. Hapo hujifunza kwamba mkono uliopooza huvishwa kwanza na kuvuliwa mwisho; kwamba fimbo hushikwa kwa mkono wenye nguvu; kwamba dawa ya presha humezwa kila siku hata mtu akijisikia mzima, maana kiharusi chaweza kurudi. Aliyepotewa na usemi hupewa nafasi amalize neno lake, kwa kuwa mara nyingi akili yake yaelewa. Nao wenzi hupata mahali pa kusema, "Nimechoka," bila mtu kudhani upendo umekwisha.

Kumbukeni yule mwenye kupooza wa Kapernaumu, katika Marko sura ya 2. Watu wanne walimchukua, wakatoboa dari, wakamteremsha mbele ya Yesu. Huo ulikuwa mzigo, nao waliubeba pamoja. Kisha Bwana akamwambia ajitwike godoro lake mwenyewe aende nyumbani. Hilo lilikuwa furushi. Hatusemi kwamba kila aliyepooza atasimama siku ile ile. Twasema kwamba Bwana humpa heshima mtu hata kwa kumwachia kitu cha kubeba.

Basi, ndugu, ukumbi wa kanisa lenu hukaa mtupu siku nyingi za juma. Viti vipo, na chai haikosi. Waiteni walio na ugonjwa huu, waje na waume au wake zao. Nawe usiyeweza kuongoza kikundi, waweza kukaa na mgonjwa Jumamosi moja, mkewe apate kwenda sokoni au kulala kidogo.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uwatie nguvu waliopooza na wawatunzao. Utufundishe kubeba mzigo wa jirani pasipo kumnyang'anya furushi lake. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.