Nani Aishuhudie Ndege?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Moshi)



Tumeombwa tuseme habari za mitambo ya kutambua ndege angani, na jinsi itakavyokuwa siku zijazo. Sisi si mafundi, tu makarani. Lakini jambo hili ni la ushahidi na kumbukumbu, na hiyo ndiyo kazi yetu ya kila siku.

Sisi tukaao chini ya mlima huu twauona kuwa baraka, kwa kuwa huko ndiko yatokako maji ya mifereji yetu na ya migomba yetu. Kwa rubani, mlima ni ukuta wa mita 5,895, nao wakati wa masika hujifunika mawingu. Tarehe 18 Mei 1955 ndege ya East African Airways, iliyotoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iligonga mlima wetu, na watu wote 20 waliokuwamo wakafa. Zamani zile mwongozaji wa ndege katika nchi zetu alitegemea masikio: rubani alitaja mahali alipo kwa redio, naye aliandika. Rubani akikosea, na kitabu kilikosea.

Kisha ikaja rada, nazo ni za namna mbili. Ya kwanza hupeleka wimbi, likagonga ndege na kurudi kama mwangwi. Ya pili huiuliza ndege, na chombo kilichomo hujibu kwa namba yake na kimo chake. Mwaka 2019 rada mpya zilizinduliwa katika viwanja vya Dar es Salaam na Kilimanjaro. Hata hivyo wimbi la rada huenda moja kwa moja kama macho ya mtu. Aliye Machame hamwoni aliye Rongai. Vivyo hivyo rada iliyo uwandani haiioni ndege irukayo chini nyuma ya Kibo.

Ndiyo sababu mataifa yanaelekea kwenye mtambo uitwao ADS-B. Ndege hupata mahali ilipo kutoka kwa setilaiti, ikajitangaza yenyewe karibu kila sekunde. Vipokezi vyake ni vidogo, vyaweza kuwekwa hata Rombo. Na tangu mwaka 2019 vimo pia katika setilaiti, vikisikiliza juu ya bahari na majangwa. Marekani imeulazimisha tangu Januari 2020 katika sehemu nyingi za anga yake.

Twaufurahia sana. Walakini watakuja watu wa hesabu fupi, watakaosema, “Sasa rada za nini? Ziondolewe, fedha zipone.” Hapo ndipo yatupasa kusimama. Ndege ijitangazayo yatoa ushahidi juu ya nafsi yake. Miaka hii, karibu na nchi zenye vita, ndege nyingi zimedanganywa na mawimbi ya uongo, zikadhani zipo mahali zisipokuwapo. Tena ndege yaweza kunyamaza. Mwezi Machi 2014 ndege ya Malaysia yenye watu 239 ilipotea katika skrini za waongozaji. Rada ya mwangwi ya jeshi ndiyo iliyoonyesha kwamba iligeuka ikarudi magharibi.

Ndugu zetu, nani kati yetu aruhusiwaye kuandika hati yake ya malipo, kisha akaiidhinisha mwenyewe? Haturuhusiwi, wala si kwa kuwa tu wezi, bali kwa kuwa kila mwanadamu hukosea, na mkono wa pili hulinda wa kwanza. Na iwe hivyo angani: vipokezi vipya viwekwe upande wa pili wa mlima, ndege ndogo na helikopta za waokoaji zipewe chombo hicho, na rada ibaki, iwe mkono wa pili. Nao vijana wetu wafundishwe kuusoma ushahidi wote wawili, na kuuliza upesi usipopatana.

Waliokufa mwaka 1955 hawakuwa na shahidi wa pili. Wasafiri wa kesho wasimkose kwa ajili ya ubahili wetu.